Funguo za Mokambo ziko kwa nani?

Mmoja wetu aliitwa kutengeneza intaneti katika ofisi moja hapa mpakani. Ukutani, karibu na ekrani ya kamera, kulikuwa karatasi imebandikwa kwa skochi: jina la kuingilia, na chini yake 12345. Akauliza kama hawajabadilisha tangu mashini ziletwe. Mlinzi akacheka: «Yaya, tukibadilisha, ule fundi wa Lubumbashi ataingia namna gani?» Njo vile tulijua kuna mtu anaingia mule akiwa mbali, na hakuna anayeandika ameingia saa ngapi.

Tukisikia usalama wa kompyuta, wengi wetu tunafikiri Facebook na M-Pesa. Lakini nyumba za sasa zenyewe ni kompyuta. Mlango wa kadi, klimatizeri ya chumba cha maserveri, gurupu inayowaka SNEL ikikata, kamera, barieri ya malori: vyote vinaweza kutii sanduku moja dogo. Masanduku mengi ya namna hiyo duniani yanaongea lugha inayoitwa BACnet, iliyotolewa Marekani mwaka 1995. Katika lugha ile ya zamani sanduku likipata amri linatii tu, haliulizi ni nani anaagiza. Siku hizi kuna toleo lenye ulinzi. Lakini ni nani atalidai, kama anayesaini mkataba anaangalia bei tu?

Kuna wanaotuambia: «Ile ni mambo ya Bazungu.» Apana. Tuangalie Addis Ababa. Jengo la Umoja wa Afrika, zawadi ya China, lilifunguliwa mwaka 2012. Januari 2018 gazeti la Ufaransa Le Monde liliandika kwamba kwa miaka mitano, kila usiku kati ya saa sita na saa nane, habari za mule ndani zilikuwa zinakimbilia Shanghai. Mwaka 2020 Reuters nayo ikaeleza kwamba mafundi wa Umoja walionywa na Wajapani, wakakuta picha za kamera za jengo zinaibiwa kupitia maserveri ya chini ya nyumba. China ilikana mara zote mbili, na wakubwa wa Umoja pia walikana ile ya kwanza. Sisi hatukuwa mule kuhukumu. Tunaona tu kwamba kamera zilizowekwa kulinda wakubwa wa Afrika ziligeuzwa macho ya mtu mwingine.

Sasa rudi Mokambo. Kwa kamera hizi wanapita ba mama wanaobeba unga kutoka Mufulira, na malori ya madini. Anayeshika ile 12345 anaweza kujua mama fulani anapita siku gani. Anaweza pia kuzima kamera dakika kumi tu, lori moja lipite usiku, na kesho yake watasema ilikuwa pane. Kwa uchumi wa Katanga, dakika kumi ni nyingi sana. Na atakayefungwa atakuwa mlinzi, yule mwenye mshahara mdogo kuliko wote, eti alikuwa kwenye zamu.

Kuna jambo lingine linalotuuma zaidi. Ndugu yetu alikaa kimya wiki tatu mbele ya kutuambia. Alikuwa anaogopa. Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023 inaadhibu anayeingia bila ruhusa katika mashini za wengine, na ni vizuri. Lakini anayeona mlango wazi na kusema «mlango uko wazi», naye tumuite mwizi? Sheria ileile inataja shirika la taifa la usalama wa numeriki. Basi lifungue mahali pa kupeleka habari kama hizi, kwa Kifaransa au kwa Kiswahili, bila kwenda kulala kashoti.

Kwa jimbo tunaomba yanayowezekana hata bila pesa nyingi: maneno ya siri yabadilishwe mwezi huu, kamera na barieri zitolewe kwenye intaneti ya wazi, fundi wa mbali afunguliwe mlango siku ya kazi tu na jina lake liandikwe. Na kila mkataba mpya wa jengo la serikali useme funguo zitabaki kwa nani siku ile mjenzi atakapoondoka.

Barua kwa guverneri inaanza kuzunguka Jumamosi hii, Mokambo na Lubumbashi. Kuja na kalamu yako. Ile karatasi ya ukutani, mpaka jana, ilikuwa ingali palepale.