Picha Pana Isimfiche Jirani



Siku hizi wengi wanaofika Kilwa hurudi na ile picha ndefu ya simu iitwayo panorama. Unasimama gatini Kilwa Masoko, unageuka polepole, na simu inaunganisha vipande mpaka bahari yote inaingia: mikoko, mashua, na ng'ambo ya maji, Gereza la Kilwa Kisiwani. Tunaituma kwenye kundi la kwaya au la jumuiya na kuandika kwamba Mungu wetu ni mkuu. Ni kweli kabisa. Hata Zaburi ya 104 inaitazama bahari na kumsifu aliyeiumba.

Lakini ichunguze vizuri picha hiyo. Kwa kuwa vipande vyake havipigwi kwa wakati mmoja, kilichotulia hutoka vizuri na kinachotembea huharibika. Magofu hutoka safi. Mama anayepita na ndoo kichwani hutoka nusu, au hana miguu. Mara nyingine tunamsubiri kwanza apite, asituharibie picha.

Macho yanayopenda mandhari tu yana hatari. Katika Mwanzo 13, Lutu aliinua macho, akaliona bonde la Yordani lilivyo na maji tele, akalichagua. Watu wa Sodoma hakuwatazama. Nasi leo dalali akitutumia picha ya ufuo wa Kilwa au Lindi, mchanga mweupe usio na mtu, tunauliza bei tu. Tuulize pia: nani huanika dagaa hapo? Akina mama hupita wapi maji yakipwa, wakienda kutafuta pweza? Ufuo unaoonekana mtupu pichani huenda ndio shamba la mtu.

Pwani hii inaijua gharama ya macho ya namna hiyo. Katika karne ya 19, Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya watumwa. Walitembezwa kwa miguu kutoka bara, hata kutoka upande wa Ziwa Nyasa, wakapakiwa majahazini kwenda Zanzibar. Bahari ilikuwa nzuri vilevile, lakini uzuri wake haukumzuia mfanyabiashara kumwona binadamu kuwa shehena.

Magofu nayo yana somo. UNESCO iliyaingiza Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kwa mbali yalipendeza, ila aliyesogea aliona kuta zikibomoka na mawimbi yakila ufuo. Yalitolewa kwenye orodha hiyo mwaka 2014, baada ya watu kusogea na kufanya kazi ya kuyahifadhi.

Katika Luka 10, kuhani alimwona majeruhi, Mlawi alimwona, na Msamaria alimwona. Tofauti ni moja: Msamaria alimsogelea. Wala hakuuliza kwanza dini yake, nasi tukumbuke hilo, kwani jirani zetu wengi wa pwani hii ni Waislamu.

Basi, mpendwa, piga picha na umsifu Mungu. Kisha shusha simu, umsalimie yule mama, umuulize habari za nyumbani, na ununue samaki wake bila kumpunja. Aliyeiumba bahari yote ndiye anayejua hata idadi ya nywele zake.

Nakutakia Jumapili njema.