Maksi Pekee Hazitoshi

Kila yanapotangazwa matokeo ya mitihani, Visiwani humu huwa shangwe nyumba hii na kilio nyumba ya pili. Zikipita siku chache, karatasi hukunjwa na mambo husahauliwa hadi mwaka mwingine. Sisi twaona hapo ndipo penye kasoro.

Mtihani si jambo baya. Serikali haina budi kuwa na kipimo kimoja kwa watoto wote, wa Makunduchi na wa Micheweni. Ndiyo sababu likaundwa Baraza la Mitihani la Zanzibar kwa Sheria Namba 6 ya 2012. Lakini mtihani wa mwisho huja wakati mtoto anaondoka mikononi mwa mwalimu wake. Humwambia kuwa ameanguka. Haumwambii aliangukia wapi.

Hoja hii si ngeni. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alionya kwamba mitihani hupima zaidi uwezo wa kukariri. Likafuata Azimio la Musoma la Novemba 1974, na tangu 1976 maendeleo ya mwanafunzi ya kila siku yakaanza kuhesabiwa huko Bara pamoja na mtihani wa mwisho. Nia ilikuwa njema. Hatari yake ni kwamba maksi hizo zaweza kugeuka tarakimu za kujazia fomu tu, asinufaike nazo mtoto wala mzazi.

Wazee wetu walilijua jambo hili tangu zamani. Mwalimu wa chuoni humsikiliza mtoto mmoja mmoja, na asiyesoma sawasawa aya alizopewa harukishwi kwenda nyingine. Hapo kupima na kufundisha ni kazi moja.

Tutazame mfano wa skuli zetu. Sera ya Elimu ya 2006 iliagiza hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mtoto aliyepata maksi 25 katika sayansi, je, hakuifahamu sayansi, au hakuifahamu lugha ya swali? Tarakimu hiyo haijibu. Anayeweza kujibu ni mwalimu aliyemfuatilia mwaka mzima.

Kwa hiyo twawaomba wakuu wa elimu mambo mawili. Kwanza, ripoti ya kila muhula iseme kwa Kiswahili chepesi mtoto anaweza nini, amekwama wapi, na skuli itamsaidiaje. Pili, mwalimu apewe nafasi ya kuifanya kazi hiyo, maana mwenye darasa lililofurika hawezi kuyajua madaftari yote. Nao wazazi wasingoje siku ya matokeo ndipo waulize habari za watoto wao. Mlango wa skuli uko wazi mwaka mzima.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa mtoto huonekana mapema, ikiwa yupo wa kuutazama.