Misumari Kumi na Mitatu, Hofu Hakuna

Katika nyumba ya Sarah Winchester, mjini San Jose, California, kuna mlango wa ghorofani ambao ukiufungua na kupiga hatua moja, umeanguka nje. Kuna pia ngazi inayopanda mpaka kwenye dari, ikaishia hapo. Mjane huyo alirithi mali ya bunduki za Winchester mumewe alipofariki mwaka 1881, akajenga nyumba yenye vyumba vipatavyo 160. Inasimuliwa kwamba alikuwa akijengea mizimu ya watu waliouawa kwa bunduki hizo. Ukweli wa hilo unabishaniwa, lakini nyumba ipo, na watalii wanalipa kuingia.

Mtu akishapata kisa kama hicho, kazi nusu imekwisha. Mapacha Michael na Peter Spierig walikipata, wakatoa filamu ya Winchester mwaka 2018, tena wakiwa na Helen Mirren, mwigizaji ninayemheshimu sana. Niliitazama Jumamosi iliyopita na mpwa wangu wa miaka 15. Taa tulizima.

Katika filamu, daktari anayetumwa kumpima akili mjane amesimama mbele ya kioo. Kimya. Muziki umekatika. Nikamgeukia mpwa wangu kuona kama anaogopa, nikamkuta ameshaziba masikio kwa vidole. "Mjomba, sasa hivi litapigwa kelele," akasema. Likapigwa. Tangu hapo kila muziki ulipokatika aliziba masikio, na sikumbuki alipokosea.

Hapo ndipo filamu ilipokufa. Kushtuka si kuogopa. Sufuria likianguka jikoni adhuhuri utashtuka, kisha utaendelea na shughuli zako. Taharuki inataka mtu ajue kuna kitu, asijue kitafika lini.

Bibi yangu kule Pangani alikuwa na hadithi ya mwanamke mgeni aliyeingia kwenye harusi, mrembo kupindukia. Alikula, akacheza, akasifiwa. Bibi alitaja jambo moja tu: kila alipoketi, alivuta pindo la kanga kufunika miguu. Kisha akanyamaza, akachochea mkaa. Sisi tuliosikia kwamba majini ya kike yana kwato tulibaki tukilitazama pindo lile kana kwamba liko mbele yetu. Hakupandisha sauti hata mara moja, na usiku ule hakuna aliyetoka kwenda msalani peke yake.

Winchester nayo ilikuwa na pindo lake. Mjane anafungia mizimu vyumbani kwa misumari 13. Wazo zuri hilo! Tungeachwa usiku mmoja na chumba kimoja, tuihesabu misumari, tufike kumi na miwili. Badala yake tunakimbizwa toka chumba hiki hadi kile, mizimu inatolewa hadharani mpaka tunaizoea. Hata tetemeko la mwaka 1906, ambalo kweli liliibomoa sehemu ya nyumba ile, limekuwa kelele juu ya kelele. Na ile ngazi inayoishia darini, ambayo mimi ningeitazama dakika tano nzima, inapita tu.

Naandika haya kwa sababu vijana wetu nao wanatengeneza filamu za majini, na naona wanaiga kelele hizo hizo. Ndugu zangu, nawaomba: msituonyeshe jini dakika ya tano. Tuonyesheni pindo la kanga, halafu mnyamaze.