HUO SI UTAMBUZI, NI MACHO YAKO TU



Leo sitawabembeleza. Kuna neno limezoeleka kati yetu: "Nilipomwona tu, roho yangu ilikataa." Dada ameingia na sketi fupi, roho imekataa. Kijana ana dredi, roho imekataa. Halafu anafika mgeni na gari kubwa, suti imenyooka, na roho hiyo hiyo inakubali papo hapo! Anapelekwa kiti cha mbele, baada ya ibada anapewa chai ofisini. Roho gani hii inayopenda magari?

Karama ya kupambanua roho ipo. Paulo ameitaja katika 1 Wakorintho 12 na mimi naiamini. Lakini wengi wetu tumechukua dharau yetu ya kawaida, tukaivika kanzu na kuipa jina la karama.

Soma 1 Samweli 1. Hana anaomba kwa uchungu, midomo inacheza, sauti haitoki. Kuhani Eli ameketi pale mlangoni, anamtazama, anaamua huyu mama amelewa. Kuhani mzima! Mtu wa madhabahu miaka mingi, na hakuweza kutofautisha maombi na pombe. Na yule mtoto aliyezaliwa kwa maombi hayo, Samweli, akakua akawa nabii, akaenda nyumbani kwa Yese, akamwona Eliabu alivyo mrefu, moyoni akasema mfalme ndiye huyu. Mungu akamkatalia. Sasa wewe uliyeokoka juzi, jicho lako limemzidi Samweli?

Eli namsifu kwa jambo moja tu. Hana alipojieleza, alisikiliza, akabadilisha maneno yake, akambariki. Sisi hata kuuliza hatuulizi.

Nitawaambia lililotokea kwetu, wengine mlikuwepo. Kulikuwa na kijana wa boda boda aliyekuja kesha kila Ijumaa. Dredi, koti kuukuu, macho mekundu. Alikaa kiti cha nyuma karibu na mlango, haimbi, mara nyingi anasinzia. Akina mama walikuwa wakisogeza mikoba. Usiku mmoja simu ya dada ikapotea, na bila mtu kusema lolote kanisa zima likageuka nyuma. Shemasi akamsimamisha, akampekua mifuko yote mbele ya watoto. Hakuna kitu. Simu ilipatikana baadaye ndani ya leso ambayo mwenyewe alimfunikia mtoto wake.

Hakuna aliyemwomba msamaha. Na mimi mchungaji wenu nilikuwa na maikrofoni mkononi, nikanyamaza, kwa sababu hata mimi nilidhani ni yeye. Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimemwambia shemasi amchunge.

Unajua alikuwa anafanya nini pale nyuma? Alikuwa anamsubiri nyanya mmoja wa kanisa letu ambaye miguu yake haiwezi kupanda kile kilima. Anamleta saa tatu usiku, anakaa hadi alfajiri, anamrudisha. Hakumtoza hata shilingi. Macho mekundu ni ya mtu aliyeendesha pikipiki mchana kutwa kisha akakesha.

Najua kuna mtu ataandika hapo chini, "Pasta, kwa hivyo tuache wezi waingie?" Hapana. Mlinzi akague mikoba yote pale getini, na wangu aanze nao. Ninachokataa ni kumkagua mmoja kwa sababu ya nywele. Halafu mkumbuke Yoshua 9. Wagibeoni walikuja na viatu vilivyotiwa viraka na mkate wenye ukungu, wazee wa Israeli wakatazama viatu, wakatazama mkate, wakafanya agano bila kumuuliza Bwana. Baada ya siku 3 wakagundua hao ni majirani zao. Macho yanadanganya pande zote mbili, na anayekuja kuwaibia kweli kanisani mara nyingi amechana nywele vizuri.

Nilienda steji kumtafuta mara mbili. Jumamosi nilimpata, nikamwomba msamaha akiwa juu ya pikipiki. Alisema, "Sawa pasta," akapakia abiria, akaenda.

Nyanya naye hajafika kesha kwa Ijumaa 3 sasa. Kama una gari na unaishi upande wa kwake, nitumie ujumbe leo.