Picha Iliyohifadhi Nchi



Katika nyumba nyingi za vijijini utaona ukutani picha iliyokatwa kutoka kalenda ya zamani: mlima wenye theluji, au ziwa, au maporomoko ya maji. Mwaka wa kalenda ile umekwisha pita, lakini picha haitupwi. Mwenye nyumba hajafika kamwe mahali pale, wala hatazamii kufika. Hata hivyo, mtu akija kumwambia kwamba mlima ule utapasuliwa ili kupata kokoto, atasikitika kidogo moyoni. Hiyo ndiyo nguvu ya picha. Humfanya mtu apende mahali asipopajua.

Juma hili nataka tuongee juu ya nguvu hiyo, maana iko nchi kubwa iliyotengwa kwa sheria, na picha zilisaidia sana kazi hiyo. Nchi yenyewe ni Yellowstone, huko Marekani, ambayo watu wengi huihesabu kuwa hifadhi ya taifa ya kwanza duniani. Habari yake ni nzuri, lakini ina upande wa pili usiopendeza. Nitawaeleza pande zote mbili, nanyi mpime wenyewe.

NCHI ISIYOSADIKIKA

Yellowstone iko upande wa magharibi wa Marekani, katika milima mirefu yenye baridi kali. Chini ya ardhi yake kuna moto wa volkano, na kwa sababu hiyo maji huchemka yenyewe. Chemchemi nyingine hutokota polepole kama chungu juu ya mafiga. Nyingine hurusha maji ya moto juu kupita miti, zikanyamaza, kisha zikarusha tena. Moja iitwayo Old Faithful hufanya hivyo mara nyingi kila siku, hata walinzi huweza kukisia saa yake. Tena uko mto unaoporomoka ndani ya korongo lenye kuta za rangi ya manjano na nyekundu. Maporomoko makubwa yana urefu wa futi 308, yaani karibu mara mbili ya yale ya Niagara yanayosifiwa ulimwenguni kote.

Wawindaji weupe walianza kufika sehemu zile karibu na mwaka 1807. Waliporudi na kusimulia mambo hayo, watu wa mijini waliwacheka. Nani ataamini kwamba maji yaruka kutoka ardhini huku yanachemka? Ndipo mwaka 1870 kundi la wasafiri lilipokwenda kuhakikisha. Mmoja wao, Bwana Nathaniel Langford, aliandika habari ya safari yao katika gazeti lililoitwa Scribner's Monthly, mwaka 1871. Wakubwa wa gazeti walitaka picha za kufuatana na habari hiyo, lakini hawakuwa na mchoraji aliyefika huko. Basi kazi ikapewa kijana mmoja aliyeitwa Thomas Moran, naye akachora kwa kufuata maelezo na michoro hafifu ya wasafiri wale.

Moran hakuwa mtoto wa tajiri. Alizaliwa Bolton, nchini Uingereza, mwaka 1837, katika jamaa ya wafumaji wa nguo. Wazazi wake walihamia Marekani alipokuwa mtoto wa miaka saba. Huko Philadelphia aliwekwa kwa fundi ajifunze kuchonga picha katika mbao za kupigia chapa, lakini moyo wake ulipenda zaidi rangi na burashi. Na sasa, baada ya kuchora mahali asipopaona, hakutulia. Alitaka kwenda.

Bahati yake ilikuja mwaka ule ule wa 1871. Bunge la Marekani lilimpa Bwana Ferdinand Hayden, mtaalamu wa miamba, dola 40,000 ili aende na watu wake kuichunguza Yellowstone. Moran akakopa dola 500 kwa gazeti lile, na 500 nyingine kwa Jay Cooke, tajiri aliyekuwa akitafuta fedha za kujenga njia ya reli ya kaskazini. Akawafuata kina Hayden njiani. Hakuwa amezoea kupanda farasi, na kwa kuwa alikuwa mwembamba sana, alitandika mto wa kulalia juu ya tandiko ili asiumie.

Katika msafara huo alikuwamo pia mpiga picha wa kamera, Bwana William Henry Jackson. Kamera ya siku zile ilikuwa mzigo wa nyumbu, na picha zilipigwa juu ya vioo vizito. Kazi ya watu hawa wawili ilisaidiana vizuri. Picha za Jackson zilikuwa ushahidi kwamba mambo yale yapo kweli, lakini hazikuwa na rangi. Moran alichora kwa rangi za maji, akaonyesha ile manjano, ule wekundu, na ule ubuluu wa chemchemi. Hayden aliandika baadaye kwamba waliposimama ukingoni mwa korongo, Moran alisema kwa masikitiko kuwa rangi zile zimepita uwezo wa mkono wa binadamu. Lakini alijaribu.

PICHA MBELE YA WABUNGE

Hayden aliporudi Washington alikuta mawazo ya kuitenga nchi ile yameanza kusemwa. Basi mawe ya Yellowstone, picha za Jackson na michoro ya Moran vikawekwa mbele ya wabunge. Fikiri, ndugu msomaji: karibu wote walikuwa hawajapata kukanyaga Yellowstone. Waliombwa waamue juu ya nchi wasiyoijua. Maneno matupu walikuwa wameyasikia miaka mingi, nao waliyaona ni hadithi za wawindaji. Sasa waliona kwa macho. Tarehe 1 Machi, 1872, Rais Ulysses Grant akaitia sahihi sheria. Nchi ya zaidi ya eka milioni 2 ikatengwa isiuzwe wala kugawiwa walowezi, iwe mahali pa watu wote kutembelea na kufurahi.

Hapa yafaa niseme jambo moja, maana husimuliwa vibaya mara kwa mara. Moran alichora pia picha moja kubwa sana ya korongo lile kwa rangi za mafuta, kimo chake futi 7 na upana wake futi 12. Wengine husema kwamba picha hiyo ndiyo iliyoleta sheria. Sivyo. Ilimalizika baada ya sheria kupita. Zilizowafikia wabunge kabla ni zile ndogo za rangi za maji. Lakini Bunge liliipenda ile kubwa hata likainunua mwaka ule ule wa 1872 kwa dola 10,000, yaani robo ya fedha zote zilizotolewa kwa safari ya Hayden. Ikatundikwa katika jumba la Bunge, na wananchi wakaja kuitazama nchi yao mpya bila kupanda farasi.

Wala hiyo haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1861 Bwana Carleton Watkins alipiga picha kubwa za kamera katika bonde la Yosemite, California, na mchoraji Albert Bierstadt alifika huko mwaka 1863. Picha za namna hiyo zilisambaa katika miji ya mashariki. Mwaka 1864, wakati nchi ile imo katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria ya kuliweka bonde lile chini ya ulinzi wa jimbo la California, pamoja na miti yake mikubwa ajabu.

Tusidanganyane, lakini. Si moyo safi tu ulioleta sheria ya Yellowstone. Watu wa reli walitaka wasafiri wa kupanda magari yao, na mtu wao mmoja ndiye aliyemwandikia Hayden kumshauri aombe nchi ile itengwe. Hayden naye aliwahakikishia wabunge kwamba nchi ile iko juu mno na ina baridi mno, haifai kwa kilimo. Kwa maneno mengine, kuitenga hakumpunguzii mkulima mweupe kitu. Faida na uzuri vilikwenda njia moja, na hivyo jambo likawa jepesi.

WASIOONEKANA

Sasa tuje kwenye upande wa pili. Itazame vema ile picha kubwa ya Moran. Utaona korongo linang'aa, maporomoko mbali, misonobari, na anga. Mbele wako watu wachache, wadogo kama sisimizi, nao wanakusaidia kuona ukubwa wa mahali. Lakini hutaona kijiji. Hutaona moshi wa jiko, wala mtoto, wala mama anayechuma matunda. Picha inasema kwamba nchi hii ni tupu, kana kwamba imeumbwa jana. Moran mwenyewe alikiri kwamba hakujali kunakili kila kitu kama kilivyo. Alitaka kuonyesha jinsi mahali palivyomgusa.

Lakini nchi haikuwa tupu. Watu wamekaa na kupita Yellowstone kwa zaidi ya miaka 11,000. Liko jabali la mawe meusi yanayong'aa kama kioo, ambayo watu wa kale waliyachonga kuwa visu na ncha za mishale. Mawe ya jabali hilo yamefukuliwa mpaka Ohio, mbali sana mashariki, na hiyo ni dalili ya biashara ndefu. Kabila la Shoshone lilikuwa na watu wake waliokaa milimani na kuwinda kondoo wa mwitu, nao walisifika kwa pinde zao zilizotengenezwa kwa pembe za kondoo hao. Crow, Bannock, Blackfeet na Nez Perce nao walikuwa na njia zao, mawindo yao na mahali pao pa heshima. Hata wawindaji weupe na kina Hayden walipita mara nyingi katika njia zilizokanyagwa na wenyeji hao.

Baada ya sheria, wenyeji wakawa wavamizi katika nchi ya babu zao. Mwaka 1877 watu wa Nez Perce, wakikimbia jeshi la Marekani pamoja na wake na watoto, walikatiza ndani ya hifadhi wakakutana na watalii wakistarehe. Habari hiyo iliwatisha wakubwa wa hifadhi. Katika miaka iliyofuata Washoshone wa milimani waliondolewa, wakapelekwa katika maeneo waliyotengewa na serikali, na watalii wakaambiwa kwamba wenyeji hawakukaa huko kwa sababu waliogopa maji yanayoruka. Waswahili husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Huko mgeni alikuja, na mwenyeji akatolewa.

Ajabu ni kwamba mchoraji mwingine alikuwa ameona mapema zaidi. George Catlin, aliyesafiri mto Missouri mwaka 1832 akichora sura za wenyeji, alitaka serikali itenge nchi kubwa ambamo watu na nyati wangehifadhiwa pamoja. Hata yeye hakuona yote sawasawa, maana alitaka watu wale wabaki na mavazi yao ya kale ili walimwengu wawatazame. Binadamu si kitu cha kutazamwa. Lakini angalau katika wazo lake walikuwamo.

Jambo hili halikuishia Marekani. Wazo la hifadhi isiyo na watu lilisafiri likafika hata kwetu Afrika. Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1959 mipaka yake ilibadilishwa, Wamasai wakaondolewa humo wakapelekwa upande wa Ngorongoro. Mwaka huo huo Bwana Bernhard Grzimek, Mjerumani, alitoa filamu yake juu ya Serengeti, iliyopata tuzo kubwa ya Marekani mwaka 1960. Filamu hiyo haikuwahamisha Wamasai, kwa kuwa mapatano ya kuhama yalifanywa kabla yake. Lakini iliwafundisha mamilioni ya watu wa Ulaya kuipenda Serengeti ya wanyama, na mwenyewe aliamini kwamba hifadhi haipasi kukaliwa na watu, hata wenyeji. Kazi yake iliwafaa nyumbu na simba. Mchungaji wa ng'ombe hakuuona uso wake katika upendo huo.

Je, niseme kwamba hifadhi ni kitu kibaya? Hapana. Bila sheria ya 1872 korongo lile pengine lingejaa mabango na mahoteli ya kila tapeli, na nyati wa Marekani, ambao walikaribia kwisha kabisa, wasingepata pa kujificha. Mwaka 2021 peke yake Yellowstone ilitembelewa zaidi ya mara milioni 4. Siku hizi wakubwa wake wanayatambua makabila 27 kuwa na uhusiano na nchi ile, na mwaka 2022 mlima mmoja uliokuwa na jina la afisa aliyeongoza mauaji ya wenyeji ulibadilishwa jina, ukaitwa mlima wa Watu wa Kwanza. Ni kidogo, tena kimechelewa, lakini ni mwanzo wa kuwarudisha katika picha.

Basi, wazazi, funzo ni hili. Picha ni shahidi mwenye nguvu, lakini shahidi huyo husema tu yale ambayo mchoraji ameyachagua. Ukisikia msitu au mlima fulani unasifiwa kuwa haujaguswa na mtu, uliza: ni nani aliyefuga nyuki huko? Ni nani aliyechota maji? Makaburi ya wazee yako wapi? Kuuliza hivyo si kuupinga ulinzi wa msitu. Msitu unaolindwa pamoja na majina ya watu wake hupata walinzi wengi zaidi.

Na mtoto wako akirudi kutoka shuleni na mchoro wa kijito cha kijiji, mwenye bibi ameinama na ndoo yake, usimwambie amfute bibi ili kijito kipendeze.