Kuta za Ngomeni hazitoshi

Machi 2025, jeshi la Sudan liliporudi katikati ya Khartoum, Makumbusho ya Taifa yalikutwa yameporwa. Chumba cha dhahabu kilikuwa kitupu. Sanamu kubwa za mawe zilibaki, maana hazibebeki. Eneo hilo lilikuwa mikononi mwa wanamgambo wa RSF tangu vita vilipoanza Aprili 2023.

Niliposoma habari hizo nilifikiria Ngomeni kwetu. Wareno walianza kuijenga Fort Jesus 1593, na waliijenga kwa ajili ya vita. Waomani waliizingira tangu Machi 1696 hadi Disemba 1698, na unene wote ule wa kuta haukuwafaa waliokuwa ndani. Hata vyombo tunavyowaonyesha wageni leo, vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanna, ni vya merikebu iliyokuja kuwasaidia waliozingirwa ikazama hapo hapo 1697.

Wako watakaosema vita viko mbali. Likoni ya Agosti 1997 ilikuwa mbali?

Na tusidanganyane kwamba vitu vitahamishwa. Hiki ni kisiwa. Siku ya fujo, ni nani atapitisha makasha Makupa au Nyali, watu wenyewe wakigombea kutoka? Linalowezekana ni kuandika kila kitu mapema: picha, vipimo, ufa uko wapi, na nakala ya daftari kuwekwa nje ya Mombasa. Kilichoporwa bila picha, ukikiona sokoni ng'ambo utadai vipi kuwa ni chako?

Wamijikenda wanalijua hili. Mwaka 1985 mtafiti kutoka Marekani alimpiga picha mzee mmoja kando ya vigango viwili vya nduguze. Baadaye vikaibwa. Kimoja kikaonekana katika makumbusho ya Illinois, cha pili Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Picha ile ndiyo iliyokuwa ushahidi, na 2007 vyote viwili vikarudi Kenya. Havikuibwa vitani, lakini mwizi wa vitani huuza soko lile lile.

Kwa hivyo wakuu wa makumbusho watwambie nakala ya daftari lao iko wapi. Nasi wa Mji wa Kale tuna viti vya enzi, misahafu ya mkono na tenzi za hati za Kiarabu masandukuni, vitu visivyo katika daftari lolote. Simu tunazo. Ijumaa hii baada ya chakula nitaanza na sanduku la bibi yangu, na picha nitampelekea binamu yangu aliye Maskati.