Taifodi Imesingiziwa Vya Kutosha

Leo tuongee ukweli. Uliza mwalimu wa shule ya umma, nesi wa hospitali ya kaunti ama polisi, mara ya mwisho alipopewa siku za ofu alisema anaugua nini. Utasikia malaria, mgongo, vidonda vya tumbo, na taifodi, sana sana taifodi. Hakuna atakayekwambia, "Nilisema silali, na nalia nikivaa yunifomu."

Shangazi yangu ni mwalimu. Muhula mmoja baada ya kufiwa, alikuwa anasimama mbele ya watoto zaidi ya sitini na maneno hayatoki. Daktari alitaka kuandika alichokiona. Akamwomba, "Daktari, tafadhali andika taifodi." Kwa nini? Kwa sababu hiyo karatasi inapita kwa mwalimu mkuu, kwa naibu, kwa karani, na saa ya chai chumba kizima cha walimu kinajua. Ukishaitwa mtu wa Mathari, hilo jina halitoki. Na kupandishwa cheo usahau.

Kinachoniuma ni kwamba sheria haijakataa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 30, inampa mfanyakazi aliyemaliza miezi miwili mfululizo kazini angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na zingine 7 kwa nusu mshahara, kila miezi 12. Inachotaka ni cheti cha daktari kwamba huwezi kufanya kazi. Haijasema lazima uwe na homa.

Mimi niliacha chuo, naishi kwa kamera na bando. Nikilemewa nazima simu siku tatu, mnauliza niko wapi, maisha yanaendelea. Nesi wa zamu ya usiku hawezi kuzima wodi.

Najua mtasema, "Hao wa serikali wanapenda kukwepa kazi, wataacha makoti kwa viti waende zao." Sawa, wapo. Lakini mvivu tayari anajua kusingizia taifodi, hahitaji mlango mpya. Anayeumia ni yule mgonjwa kweli. Anameza dawa za ugonjwa asio nao, wake unabaki pale pale, halafu Jumatatu anarudi kushika sindano, chaki ama bunduki. Hapo si yeye peke yake yuko hatarini. Ni mimi na wewe pia.

Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kumwadhibu mtu kwa kujaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Korti imesonga. Ofisi zetu bado.

Ombi langu ni dogo: karatasi inayofika kazini iandikwe siku ngapi na tarehe ya kurudi, basi. Jina la ugonjwa libaki kati ya daktari na mgonjwa. Hiyo haihitaji bajeti wala kamati ya kusafiri Naivasha.

Kama uko kazi ya serikali, niambie: karatasi yako ilipita mikono mingapi?